Pini ya Tangawizi

Nilisema "acha" mara moja tu, na mguu wangu ukaenda.

Nilikuwa nimelala ubavu chini ya lifti ya gereji, nakaza bolti. Juu ya meza ya lifti kulikuwa na pikipiki ya theluji, nayo ikaanza kulalia upande. Nikasema acha. Ile meza ya chuma badala ya kusimama ikaanza kushuka. Haikuanguka. Ilishuka taratibu, kama inavyoshuka siku zote, na mimi naitazama inakuja, mguu wa kulia umepita katikati ya vyuma vyake hauna pa kwenda. Maumivu yalikuja baadaye. Kilichonikaa kichwani mpaka leo ni sauti ya Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi niliyekuwa nafanya naye kazi, akisema kwa utulivu kabisa, "Naachia, yaya," yaani kaka kwa lugha ya kwao, kama mtu aliyetumwa na anatii. Hiyo, na harufu ya tangawizi.

Tangawizi kwa sababu Fundi alikuwa kwenye kona ya birika anatwanga ya chai, na alikuwa anatwangia pini ya lifti hiyohiyo. Pini ile kazi yake ni moja. Unaichomeka kwenye tundu la mguu wa lifti, na tangu hapo meza inaweza kupanda lakini haiwezi kushuka chini ya pini, hata akanyage nani kanyagio la kushushia. Yeye alikuwa anatwangia tangawizi.

Theluji yenyewe mimi sijaiona. Mtu wa Tanga, nimevunjwa mguu na pikipiki ya theluji hapa Jeppestown, Johannesburg. Nikisimulia, watu wanacheka kwanza. Wakishacheka wananiambia maneno ambayo Fundi kawaambia, kwamba nilijivunja mwenyewe kwa mdomo wangu. Miaka miwili nasikia hilo. Gereji nne nimeomba kazi na zote zimenijibu kwa sentensi hiyo. Ndiyo maana naandika, na elimu yangu ni darasa la nne.

Ilunga nimemtaja. Pieter nitamtaja. Huyu mzee nitamwita Fundi tu, kama tulivyomwita wote, na sababu ninayo.

Gereji ilikuwa ya nyumbani kwake, uani, mlango wa mabati wa kufungukia ndani. Tulitengeneza pikipiki za wapeleka chakula na zile za magurudumu manne wanazochezea matajiri mashambani. Alipotoka na aliyemzaa sikuwahi kumuuliza, na mtu akimuuliza alikuwa anajibu, "Nimetoka ndani, nakwenda nje." Mwembamba, koti la bluu limefungwa vifungo vyote hata Desemba. Mikono yake ilikuwa safi kuliko ya mwalimu wa shule. Saa sita na nusu juu ya alama ananawa kwa sabuni ya vyombo na sukari, anasugua hadi katikati ya kucha, anaswali, anarudi, anaingiza mikono ileile kwenye grisi. Spana alizitunza ndani ya beseni la kuogeshea mtoto. Ukirudisha spana bila kuifuta hakugombi. Anaitoa, anaifuta yeye, anakutazama, anairudisha. Bora angenitukana.

Mimi aliniita "bwana mdogo". Nina miaka arobaini na minne, mvi kidevuni, bwana mdogo.

Mambo ya lifti yalianza mgongo wake ulipokataa kuinama. Hapo akatangaza kwamba tunatafuta lifti. Nusu ya Watanzania wa mtaa huu walidhani anatafuta gari la kumbeba, na Mpemba mmoja muuza mitumba alimjia kweli na gari, akampigia honi. Fundi akatoka, akalitazama gari, akamwambia, "Hili lenyewe ndilo linataka kunyanyuliwa."

Mwaka mzima tulizunguka madukani. Kila Jumamosi anavaa kofia yake nzuri, anachukua futi ya kupimia, ananichukua mimi na Ilunga tuwe mzigo. Ndivyo ilivyokuwa. Tunaingia duka la watu, lina kiyoyozi, Fundi anatupandisha mimi na Ilunga juu ya meza ya lifti ya maonyesho, anamwambia muuzaji akanyage. Tunapanda. "Tikisikeni." Tunatikisika. "Ruka kidogo, bwana mdogo." Naruka, watu wazima wananitazama. Kisha anapima urefu, upana, unene wa chuma, anaandika kwenye pakiti ya sigara za mtu mwingine, kwa kuwa yeye havuti, anasema asante, tunatoka. Dada mmoja muuzaji alifika mahali pa kumsalimu, "Baba, today again?" Na yeye anajibu kwa heshima zote, "Again, mwanangu."

Kila moja ilikuwa na dosari. Hii miguu yake miepesi. Hii kanyagio liko upande wa kushoto, yeye ni wa kulia. Hii ina rangi nzuri mno. Rangi ndiyo iliyomuudhi kuliko vyote. "Dukani wanauza rangi," anasema, "chuma wanakupa kama nyongeza." Nikimwambia Mzee, tununue basi, mgongo ni wako, ananijibu, "Mgongo wangu haujasema haraka." Na asubuhi yake namkuta kalala chali sakafuni, hawezi kuinuka, ananiambia nimpe mkono lakini nisimvute.

Mwishowe alinunua kuukuu, kwenye duka la pikipiki lililokuwa linafungwa. Lifti nzuri, sidanganyi. Meza ndefu, miguu ya mkasi, pampu ya mafuta yenye makanyagio mawili, la kupandishia na la kushushia, na mbele taya la kubana gurudumu. Ina matundu sita ya pini, na pini yake nene kama dole gumba. Siku ya kwanza aliichomoa, akaipima uzito kiganjani. Nikamuuliza anaipeleka wapi.

"Pini inalegeza mikono," akasema. "Mtu akijua kuna pini hasikilizi chuma."

"Mzee, na chuma kisiposema?"

"Kinasema. Wewe ndiye unapiga kelele."

Akaiosha kwa maji ya moto, akaipeleka kwenye kinu cha tangawizi, na huko ikabaki. Chai yake ilikuwa nzuri, hilo pia sidanganyi.

Jambo la pili ni neno. Kushusha lifti aliamua iitwe "achia". Nikamwambia mapema kabisa, Mzee, tuseme "shusha", maana mimi nikitaka mtu asimame nasema "acha", na kompresa ya jirani mpiga rangi ikiwaka, acha na achia ni sauti moja. Akacheka, na kucheka kwake ni pua tu.

"Shusha ni ya makuli bandarini. Hapa ni gereji."

Tukamuuliza Ilunga. Ilunga akakuna kichwa, na "njo" yake ni "ndiyo" yetu. "Kwetu acha njo achia, Papa. Minasikia zote sawa."

"Basi imepita," akasema Fundi, kana kwamba ndiyo jibu alilokuwa analitaka.

Haya, mtu huyuhuyu. Wiki ile ya vurugu ya 2015, walipokuwa wanapita mtaani na fimbo kuuliza nani anatoka wapi, uani mwake tulijaa watu saba. Mimi, Ilunga na mkewe, wasusi wawili wa Kikongo, Mrundi mmoja ambaye sikumjua jina, na Fundi. Tuliwasikia wanakuja mlango kwa mlango. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, nasema ukweli. Fundi akasukuma lifti hadi nyuma ya mlango, juu yake pikipiki ya magurudumu manne ya mteja, akaipandisha mpaka ukingo wa meza ukabana chini ya mtaimbo wa chuma unaokatiza mlango. Kisha akaenda kwenye kinu, akaitoa pini, akaifuta kwa koti lake, akaichomeka. Wakausukuma mlango. Wakaupiga teke. Ulicheza kidogo kama jino, haukufunguka. Wakachoka, wakaenda.

Tukikaa pale sakafuni, mke wa Ilunga akamwambia, "Papa, Mungu akubariki." Fundi akajibu, "Mshukuruni aliyetoboa matundu."

Kwa hiyo alijua. Watu wanaponiambia Fundi ni mzee, kazi zamani haikuwa na pini, hakujua, mimi nawakumbuka wale watu saba. Siku ambayo na yeye alikuwa ndani, aliijua pini iko wapi na inaingia tundu gani. Uhai wangu niliupata kwa pini ile. Mguu wangu nao niliukosa kwa pini ile. Aliyeishika mara zote mbili ni mmoja, na mimi nifanye nini na jambo kama hilo. Siwezi kumchukia vizuri, hata hilo kaninyima.

Na kuna hili. Nilipofika kwake darasa la nne lote nilishalisahau, sikuweza kusoma karatasi yoyote. Namba za spana nilizijua kwa kuzikadiria. Yeye ndiye aliyeanza kunisomesha, kwa vitabu vya bei vya maduka ya lifti, vile vya bure. Anasoma kuanzia nyuma kwenda mbele, sijui kwa nini, na mimi nikajifunza hivyohivyo. Neno la kwanza la Kiingereza nililosoma peke yangu lilikuwa *lock*. Akanipiga begani. "Umeona. Hata mbuzi wa Pieter hawezi hilo." Pieter alikuwa mteja wetu na hakuwa na mbuzi, ila Fundi alimpa mbuzi, na baadaye alimpa hata majina yao.

Sasa Pieter. Anakaa kaskazini huko, nyuma ya kuta ndefu, na msimu wa baridi anapanda milima ya Lesotho kwenda kucheza kwenye theluji. Baridi ya 2017 alileta mashine yake kwa trela. Mtaa mzima ulitoka kuitazama. Mbele haina gurudumu, ina viatu viwili virefu vilivyoachana kama miguu ya bata. Nyuma ina mkanda mpana wa mpira kama wa buldoza. Mwenye spaza ya jirani, kiduka cha mtaani, Mama Neema, Mtanzania mwenzetu, aliuliza kama ni ya kulimia.

Fundi aliizunguka asubuhi nzima, mikono nyuma. Sijawahi kumwona na furaha ile. Alipiga magoti, akanusa mkanda.

Tatizo ni lifti. Taya letu linabana gurudumu, na hii haina. Meza yetu ni nyembamba, na vile viatu vinaning'inia nje pande zote. Pieter alituonyesha kwenye simu picha ya lifti zenyewe, zilizotengenezwa kwa mashine hizo. Inashika chini ya tumbo, ina mikono ya kukunja, ina kufuli inayojifunga yenyewe.

"Hizi zinakodishwa?" nikamuuliza.

Fundi akaitazama picha kwa mbali. "Hiyo ni ya kunyanyulia ng'ombe mgonjwa. Yetu tutaitia mabawa."

Pieter akasema sharp, yaani sawa, ila yeye anaitaka Ijumaa, barafu haimsubiri. Lawama ninayomwandikia yeye ni hiyo. Aliambiwa siku kumi, akasema Ijumaa, kila siku simu mbili.

Mabawa yakachomelewa, vipande viwili vya chuma pembeni mwa meza. Na hapa ndipo unapotaka kujing'oa nywele. Mtu aliyepima lifti zote za Johannesburg kwa futi, mabawa yake mwenyewe aliyapima kwa shibiri. Nikamletea futi. Akaniambia futi ni ya vitu vya watu. Bawa la kushoto likazidi la kulia vidole viwili. Nilimwonyesha. Akasema chuma kitajitafutia.

Alhamisi mchana tukaipandisha. Ilunga kwenye kanyagio, mimi chini kukaza bolti za bawa. Nikasema, "Mzee, pini." Nilisema. Ilunga alisikia, na ukimuuliza leo atakuambia alisikia.

Fundi akajibu kutoka kwenye birika, "Naimalizia."

Nikaingia chini. Hilo ni langu, sikulazimishwa. Nikamwambia Ilunga apandishe kidogo tundu lionekane. Akapandisha, akaendelea kupandisha, mashine ikalalia kushoto kwenye bawa refu. Kompresa ya jirani ikaunguruma. Nikasema acha.

Ya baada ya hapo nimeshayasema. Naongeza mawili tu. Ilunga ndiye aliyeinua meza, kwa kukanyaga huku analia. Na Pieter, aliyekuwa amesimama mlangoni na simu yake, alisema "eish", mshangao wa watu wa huku, akauliza kama kioo cha mbele kimepona.

Hospitali nilikaa wiki sita. Wakaniwekea vyuma vitatu, mguu ukarudi mfupi. Fundi alikuja kila siku ya kutazama wagonjwa, analeta chai kwenye chupa, anakaa, anatazama ule mtambo walionitundikia mguu. Siku moja alinyoosha mkono akajaribu nati yake kama imekaza. Kuhusu pini, hakuna. Kuhusu neno, hakuna. Akiondoka anasema, "Haya, bwana mdogo." Na kwenye benchi la spaza, kwa Mama Neema, watu wakimuuliza, anasema bwana mdogo alisema acha, mwenzake akaachia, ni mdomo wake tu. Mama Neema ndiye aliyeniambia. Alidhani ananifariji.

Ilunga nilikwenda kumkabili nilipoweza kutembea na magongo. Sikupata ugomvi.

"Weye njo ulisema, yaya. Mi nalisikia achia."

"Nilisema acha."

"Minajua sasa. Ile siku hapana." Akaangalia chini. "Lakini mi njo nalikanyaga. Mguu wangu njo ulikanyaga. Unisamehe."

Ikaisha. Sentensi moja, mtu ambaye Kiswahili chake nusu Kifaransa, na ikaisha.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2019 nikaamua kwenda uani kwa Fundi. Nilitaka aje kwenye benchi la Mama Neema aseme mbele ya wale aliowaambia. Hilo tu.

Nilisimama mlangoni kabla hajaniona. Kazeeka, koti limekuwa kubwa. Kuna mfanyakazi mpya, mtu mzima wa Kigoma, yuko kwenye kanyagio. Na Fundi anamwambia, kwa sauti yake ileile, "Shusha."

Nikatazama ukutani. Kwa chaki, herufi kubwa: SHUSHA. SIMAMA. Ukuta mzima ni maneno hayo mawili. Nikatazama lifti. Mabawa yamekatwa yakalinganishwa. Pini iko kwenye tundu, na imefungwa kwa mnyororo uliochomelewa kwenye mguu wa lifti, mfupi, usioweza kufika kwenye birika.

"Umekonda," akasema, akanisogezea kigoda nikakaa. "Chai?"

"Siku hizi unatwangia nini?"

"Jiwe."

"Mnyororo umeutia lini?"

Akaanza kuifuta mikono, na mikono ilikuwa safi. "Ulikuwa mwingi, ukabaki."

"Mzee. Nimekuja unisemee. Kule kwa Mama Neema. Useme pini ilikuwa wapi."

Yule wa Kigoma akajifanya anatafuta spana. Kisha Fundi akaenda kwenye rafu, akashusha kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akaniwekea mapajani. Kiatu. Cha kulia, cheusi, soli yake imekatwa katikati na kutiwa kipande cha alumini, chepesi, kimesuguliwa mpaka hakina kona, matundu yametobolewa kupunguza uzito. Unene wa kipande hicho vidole viwili na nusu.

"Vaa."

"Ulinipima lini?"

"Nakuona ukipita."

Nikavaa. Nikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile nyonga zangu zilikuwa sawa, na sakafu ilikuwa sawa, na nilimtazama machoni bila kupinda shingo. Daktari alinipima mara tatu kwa mashine na hakupata kipimo kile.

"Kinabana?"

"Hakibani."

"Haya, bwana mdogo," akasema, akanigeuzia mgongo, akainama kwenye lifti yake.

Nimeandika haya nimekivaa. Yule mtu anasema kwa chuma. Ametia mnyororo, amebadilisha neno, amelinganisha mabawa, amenipandisha mguu, na kwa chuma amekiri kila kitu kama mtu aliyekula kiapo. Lakini watu wa benchi hawasomi chuma. Wao walisikia mdomo wake, na mdomo wake bado unasema ni mimi. Gereji zinazonikataa hazitakuja uani kutazama mnyororo.

Kwa hiyo Fundi, uliyenisomesha kuanzia nyuma kwenda mbele, natumaini utaanza hapa mwisho. Jina lako sijaliandika. Sikulisahau, wala sikukuogopa. Nimeliachia nafasi. Jumamosi nitakuwa kwenye benchi la Mama Neema tangu asubuhi, nashona zipu za mabegi, kazi iliyonibakia, kama siku zote, na wale wote watakuwepo. Njoo na koti lako. Simama mbele yao, taja jina lako kwa mdomo wako mwenyewe, kisha uwajibu: siku ile, pini ilikuwa wapi, na nani aliipeleka huko?